Masharti Yote Chini

Jumatatu, 3 Machi

Imekimbia! Ripoti imekimbia! Ile ripoti ya wagonjwa wa kuitwa warudi hospitali – ile niliyokuwa naiwasha nikiingia ofisini, nanywa chai, naosha kikombe, nagombana na mtu mmoja au wawili, narudi bado inazunguka – leo nimebonyeza, nikainama kuokota kalamu, nikainuka, iko tayari. Nikadhani imekufa. Nikabonyeza tena. Iko tayari.

Mkuu wangu wa TEHAMA akaja kuona mwenyewe. Akabonyeza kwa kidole chake, mara tatu nne, anacheka peke yake. Akasema kumbe tunaweza. Tunaweza! Wiki iliyopita ilikuwa "hiyo seva yako", leo imekuwa ushindi wetu sote.

Niandike nilichofanya kabla sijasahau, maana Jumamosi kijiweni kwetu, sisi watu wa kompyuta, tulikuwa wengi na kila mtu na mdomo wake. Kwanza niliongeza faharasa kwenye jedwali la vipimo, ili kompyuta isipekue kila mstari kama mtu anayetafuta funguo gizani. Pili nilifuata kanuni ya Mwalimu: masharti yote chini. Nilipoonyesha ripoti yangu kwenye projekta ukumbi mzima uliimba, "Masharti yote chini!" Ndiyo wimbo wetu. Sharti lolote lililojichomeka katikati ya amri unayoipa kompyuta unalishusha mwisho, yote yakae pamoja, anayesoma ayaone kwa jicho moja. Mimi nilikuwa nalo moja tu huko juu, pale wagonjwa wanapounganishwa na jedwali la simu: simu iwe inapatikana. Nikalishusha. Usafi tu, kama kuondoa viatu sebuleni.

Kwa hiyo ni faharasa. Lazima iwe faharasa.

Mbona basi sina raha?

Jumanne, 4 Machi

Nimeiondoa faharasa. Kwenye seva ya majaribio, mimi si kichaa. Ripoti inakimbia vilevile.

Nimeirudisha – inakimbia. Nimeiondoa – inakimbia! Nimezima mashine na kuiwasha. Inakimbia.

Yaani nimepona kwa dawa ambayo sikuinywa. Sasa nilichoponya ni nini?

Nikamwandikia Mwalimu. Akajibu kwa mstari mmoja, kama kawaida yake: binti, gari likiwaka asubuhi wewe endesha. Nikacheka. Mwalimu si mwalimu wa shule, ni msimamizi wa hifadhidata kwenye ofisi ya udahili wa shule za bweni, mtu mzima anayevaa tai hata Jumamosi. Lakini ndiye aliyenitoa kwenye kuchapa kadi za wagonjwa. Alinikuta mapokezi nachapa, akaniuliza zinakwenda wapi hizo unazochapa. Sikujua. Akasema njoo Jumamosi. Nimekwenda kila Jumamosi tangu siku hiyo na hajawahi kuniomba hata soda. Mwongozo wa kijiwe ameuandika yeye. Sisi wote tumekulia humo.

Akisema endesha, naendesha. Lakini nitakuwa nasikiliza injini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkuta Kisigino amekaa mapokezi, miguu juu ya kiti, anakunywa chai saa za kazi. Kisigino ni muuguzi wa mitaani. Mgonjwa asiyepatikana kwa simu, yeye ndiye anamfuata mlangoni kwake kumwambia majibu yametoka, rudi. Viatu vyake havimalizi msimu, ndiyo asili ya jina. Nikamtania, leo mgomo? Akasema miguu iko likizo, tangu wiki ianze hajapangiwa nyumba hata moja. Zamani aliondoka na orodha ya nyumba, ndefu mpaka karatasi imejikunja.

Nikamwambia hiyo ndiyo teknolojia, dada. Akasema basi Mungu awabariki watu wa kompyuta, na akaomba sukari zaidi.

Nimerudi mezani najisikia mtu. Halafu nikafikiri: ripoti kwenda mbio kunapunguzaje kazi ya miguu? Labda watu wote wamenunua simu. Sijui. Kazi za leo zimenizidi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kutoka kijiweni na kichwa kimejaa nyuki.

Nieleze vizuri. Tulikuwa pale pale, chumba cha kompyuta cha chuo tunachoazimwa, viti vile vyenye kibao cha kuandikia ambavyo mtu mnene haingii. Waandishi wa programu dirishani, wasimamizi wa hifadhidata ukutani, kama kawaida. Hakuna aliyepanga hivyo, ila hakuna aliyewahi kuvuka. Wa dirishani wanataka kitu kiende leo. Wa ukutani wanataka kesho kiwe bado kipo. Kamanda, wa dirishani, anabonyeza kwanza ndipo anasoma. Mama Chelezo, wa kwetu, hakusalimii kabla hajakuuliza kama nakala zako za akiba ni salama.

Mgeni mmoja akauliza swali: nafasi ikiwa tupu kwenye jedwali, si ni sawa na sifuri? Kijiwe kikapiga kelele. Hapana! Mimi ndiye niliyesimama kumweleza. Nikasema tupu si sifuri. Tupu si ndiyo, na si hapana. Tupu ni hatujui. Ukiuliza kama tupu ni sawa na tupu, kompyuta inakujibu hatujui. Maskini, akaandika yote hayo huku uso unazidi kukunjamana. Nikamwambia utazoea, sote tulichanganyikiwa hivyo. Nilijisikia mjuzi!

Halafu Mwalimu akasimama. Akasema tarehe ishirini na mbili ni mkutano mkubwa wa mwaka, watu wa vijiwe vingine watakuja, na anayezungumza ni mimi, kuhusu ripoti iliyokimbia. Wakagonga meza. Nikasema subirini, kuna kitu sijakielewa, ile faharasa sio – Kamanda akanikata, akasema unyenyekevu upeleke msikitini au kanisani, hapa tunataka kasi. Wakagonga tena.

Mwalimu akaendelea. Akasema huo utakuwa mkutano wake wa mwisho kwenye kiti cha mwenyekiti, macho yamechoka, na siku hiyo angependa kiti kikaliwe na binti huyu. Akaninyooshea mkono. Mama Chelezo akampa kitambaa.

Mimi! Niliyekuwa nachapa kwa vidole viwili. Nimefurahi mpaka nimeogopa. Nitazungumza nini, jamani? "Ripoti yangu ilikimbia na sijui kwa nini, asanteni kwa kunisikiliza"?

Jumatano, 12 Machi

Shangazi amekuja. Hakutoa taarifa, atatoaje? Hana simu. Hataki. Anasema simu ni kamba ya mbuzi, ukiwa nayo kila mtu anakuvuta. Mwenye haja naye anaujua mlango wake.

Ameingia amevaa gauni jipya, kitambaa cha zambarau, mikono ya kupepea, akajizungusha katikati ya sebule yangu. Nikamwamkia, shikamoo Shangazi, kuna sherehe gani? Akaitikia, akasema sherehe yangu mwenyewe, mimi ni mzima.

Ndipo nikaambiwa. Alikuwa na uvimbe shingoni. Tangu lini, hasemi. Mwezi uliopita alikwenda hospitali – kwetu! ninapofanya kazi! – akapita mlango wa nyuma nisimwone, wakakata kinyama wakapeleka maabara. Wakamwambia, mama, kukiwa na neno utafuatwa nyumbani ndani ya wiki mbili. Usipofuatwa, furahi. Wiki mbili zimekwisha jana. Hakuna aliyebisha hodi.

Nikamuuliza kwa hasira kwa nini hukuniambia. Akasema ningekwambia ungelia, machozi yako yako jirani na macho. Halafu akanikamata mikono tucheze. Tumecheza bila muziki, yeye anaimba. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na sijawahi kumwona na furaha ya namna hii hata siku ya harusi yangu.

Nikamgusa shingo akiwa amegeuka. Bado upo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya kisichoruhusiwa. Sisi wa seva tunaona kila kitu na tumekula kiapo cha kutotazama. Faili la mgonjwa halifunguliwi kwa udadisi. Nimelifungua la Shangazi. Nilijiambia najaribu mfumo. Uongo mtupu.

Majibu yametoka Jumatano ya wiki iliyopita. Daktari ameandika: Arudi haraka.

Nimesoma. Nikatoka, nikanawa uso, nikarudi. Maneno bado yalikuwa pale pale.

Basi kwa nini hakuitwa? Nikaifungua ripoti ya wa kuitwa. Ikakimbia, hiyo inakuja! Shangazi hayumo. Nikatafuta kwa jina. Hayumo. Kwa namba ya kadi. Hayumo. Daktari kaandika arudi, jedwali la vipimo linasema arudi, na ripoti niliyoambiwa ni fahari ya kijiwe haimjui kabisa.

Haijatoa kosa. Haijalalamika. Kama ingeanguka na taa nyekundu ningeelewa! Imetoa watu, majina yao, namba zao, safi, nadhifu. Ila yeye tu. Ni yeye tu?

Sielewi. Sielewi. Nimeisoma amri mpaka maneno yamepoteza maana. Imeandikwa "wagonjwa wote, pamoja na simu zao kama zipo". Wote! Nimeandika wote kwa mkono wangu.

Ijumaa, 14 Machi

Ni sharti. Lile nililolishusha.

Naandika polepole ili niamini. Sharti likiwa juu, mahali wagonjwa wanapounganishwa na simu, linahusu simu peke yake: simu ikipatikana iandikwe, isipopatikana mgonjwa abaki na nafasi tupu pembeni, na mwenye nafasi tupu ndiye wa Kisigino. Likishuka chini linahusu mtu mzima. Asiyetimiza anatoka. Na asiye na simu, ukiuliza kama simu yake inapatikana, kompyuta haisemi ndiyo wala haisemi hapana. Inasema hatujui. Na chini kule hapiti mtu ila kwa ndiyo.

Ni kama harusi. Umealika wote, ukasema mwenye simu aandike namba. Halafu mlangoni ukaweka mtu: waingie wenye simu zinazoita. Asiye na simu hajafukuzwa, hajaambiwa neno, amebaki nje na zawadi yake, na ndani watu wanasifu foleni ilivyokwenda haraka.

Ndiyo maana ilikimbia! Ilikimbia kwa sababu iliwaacha watu.

Na mimi ndiye niliyemfundisha yule mgeni habari za tupu. Kwa majivuno! Siku ile ile waliyonigongea meza kwa ripoti hii!

Nimelirudisha sharti juu. Ripoti ikaanza kuzunguka, ikazunguka, sijawahi kupenda kitu kinachochelewa namna ile. Ikaja na wote. Nikaichapa, nikampelekea Kisigino mwenyewe mkononi. Akaitazama. Hakutania. Akauliza, wote hawa walikuwa wapi? Nikasema walikuwa kwenye mfumo. Akasema kwenye mfumo. Akavaa viatu akaondoka, chai kaiacha mezani.

Nimemwomba Kisigino, wa Shangazi aniachie mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda asubuhi. Alikuwa anafagia uani. Aliponiona tu akaegemeza fagio ukutani, akasema sema, uso wako hauna siri.

Nikasema. Akakaa kwenye ngazi. Akauliza aliyekosea ni nani. Nikasema mimi. Akauliza wewe? Kwa mkono wako? Nikasema kwa mkono wangu, Shangazi, niliandika vibaya. Kisha nikasema hapana, niliandika vizuri, niliandika kama tulivyofundishwa. Hata sijui nilikuwa najitetea au nazidisha.

Akauliza ulifundishwa na nani. Nikasema Mwalimu. Akasema yule wa tai? Nikasema yule wa tai. Akasema, mtu mzuri yule, alikuja kwenye msiba wa baba yako.

Nililia, ndiyo. Akanipangusa na kanga yake, yeye mgonjwa, mimi mzima! Akasema haya, wananitaka lini? Jumatatu. Basi Jumatatu, nitakuja kwa mlango wa mbele safari hii.

Nilipokuwa natoka akaniita. Akasema, na hao wengine wasio na mpwa wa kompyuta, nani anawaambia? Nikasema Kisigino ameshaanza kuzunguka. Akasema hapo kwenu, sawa. Nami nauliza huko kwa wenzako, mliofundishwa pamoja.

Nimesimama njiani na hilo swali. Watu walikuwa wananipita.

Kijiwe kizima kinaimba masharti yote chini. Tangu mimi sijajiunga.

Jumatatu, 17 Machi

Shangazi amepimwa upya. Daktari alimkagua muda mrefu, akasema tusubiri majibu. Akafokewa na Shangazi: nimeshasubiri kwa niaba yenu, sasa subirini nyinyi!

Mkuu nimemweleza yote. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja mkutano wa Jumamosi. Hapo akainuka akafunga mlango. Akasema tumerekebisha, yameisha, tutaandika "hitilafu ya kiufundi". Akasema hospitali ina jina lake, na mambo ya ndani hayaendi kuanikwa vijiweni. Hakunitisha. Alisema tu kwamba ananiheshimu na angependa aendelee kuniheshimu. Nilitoka sijui nimepewa ushauri au nimepewa onyo.

Jumatano, 19 Machi

Nimemfuata Mwalimu ofisini kwake. Nilitaka asikie kwangu, chumbani, si mbele ya watu.

Alifurahi kuniona. Akanivutia kiti, akauliza slaidi zimefikia wapi. Nikamwambia Mwalimu, ile kanuni inatupa watu nje. Akatabasamu. Akasema kanuni ina umri mkubwa kuliko ujuzi wako, binti, labda uliiandika vibaya. Nikamwonyesha amri. Akaisoma akasema mbona nzuri. Nikasema ni nzuri, ndiyo maana. Akasema, lakini nani siku hizi hana simu?

Nikasema shangazi yangu.

Nikachukua karatasi nikachora majedwali mawili madogo, watu watatu huku, simu mbili huku, kama alivyonichorea yeye zamani. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Kwenye mtu wa tatu kidole changu kikasimama, na cha kwake kikaja kikasimama hapo hapo. Akavua miwani. Nje ya dirisha watu walikuwa wanashusha makabati kutoka kwenye gari na mmoja anawatukana wenzake.

Akauliza shangazi anaendeleaje. Nikasema tunasubiri. Akasema mpe pole zangu. Kisha akasema hili niachie mimi, na Jumamosi wewe zungumza mada yako.

Nimerudi nyumbani naigeuza sentensi hiyo. Niachie mimi – atasema yeye? Au tusiseme? Zungumza mada yako – ipi? Ya kasi, au ya Shangazi? Mtu niliyemwelewa kila Jumamosi miaka yote hii, leo kanipa maneno mepesi na siwezi kuyafungua. Na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza una maana gani, Mwalimu. Nimeogopa jibu.

Ijumaa, 21 Machi

Nina slaidi za aina mbili. Za kwanza: Jinsi Ripoti Ilivyokimbia. Za pili hazina kichwa.

Kisigino amewapata karibu wote. Mmoja amehama na majirani hawajui alikohamia. Kisigino amesema atarudi tena kesho, kwa hiari yake, siku yake ya mapumziko.

Mume wangu ameuliza kwa nini nisiugue tu kesho. Kichwa, tumbo, chochote. Nimemwambia nitafikiri, na kweli nimefikiri. Nikisema, nachafua jina la mtu aliyenitengeneza, siku ile ile anayonipa kiti chake. Nisiposema, kuna watu kwenye milango yao wanafurahi kwa sababu hawajafuatwa.

Mwalimu hajaandika neno. Nimemwandikia "Shikamoo Mwalimu, kesho saa ngapi?" kana kwamba sijui saa. Amejibu: saa tatu.

Jumamosi, 22 Machi

Niko mbele, kwenye meza ya msemaji. Ukumbi umejaa. Naandika humu kwa sababu sijui mikono niiweke wapi, na hakuna anayenitazama.

Nilianza na slaidi za kwanza. Niliogopa, basi! Nikaonyesha ripoti inavyokwenda pole, nikaonyesha inavyokimbia, wakagonga meza mpaka vikombe vikaruka. Mwalimu yuko safu ya mbele, tai ya bluu. Yeye hakugonga. Alikuwa ananitazama tu, na ule mtazamo nikashindwa kuuelewa kama ninavyoshindwa mambo yote mwezi huu. Nikasema: sasa nataka kuwaonyesha mgonjwa mmoja ambaye hayumo. Nikasikia sauti yangu inasema, ni shangazi yangu.

Nikaweka amri ukutani, kubwa, kila neno. Nikawaomba wanionyeshe kosa. Kamanda akasimama kabisa, akasema hakuna kosa, imeandikwa safi, masharti yote chini. Wachache wakaitikia kwa wimbo. Nikauliza, asiye na simu atapita wapi hapo? Wimbo ukafa. Mama Chelezo ndiye aliyeona wa kwanza, niliona mkono wake unakwenda mdomoni. Kamanda alibaki amesimama, midomo inasoma, inarudi juu inasoma tena. Kwa mara ya kwanza namwona anasoma.

Nikauliza, nani ameitumia kanuni hii kazini kwake? Anyooshe mkono.

Hakuna aliyenyoosha. Wageni wa vijiwe vingine wakatazama viatu vyao. Nikafikiri basi, nimejimaliza, mkuu atasikia, na Mwalimu nimemvua nguo bure.

Ndipo Mwalimu akanyoosha mkono. Wima, kama mtoto wa shule. Hakugeuka nyuma kuona nani amemfuata. Wa pili alikuwa Mama Chelezo, halafu ukuta mzima, halafu dirisha.

Mama Chelezo akasema kwa sauti, mikono haitusaidii, fungueni mashine. Wakafungua. Sasa ni laptopu tupu ukumbini, watu wameingia kazini kwao kutoka hapa hapa, na kinachosikika ni kibodi. Wa dirishani wamevuka kwenda ukutani, wawili kwa wawili, mmoja anaandika mwenzake anasoma. Mtu wa shirika la maji amesema, nyumba zisizo na mita. Akarudia, nyumba zote zisizo na mita, hazijaandikiwa onyo la maji machafu. Amekimbia nje na simu sikioni. Dada mmoja nisiyemjua anasema Mungu wangu, Mungu wangu, taratibu, na haachi kushuka kwenye orodha yake. Kamanda amekuja mbele akaniuliza, kwa upole, nilihesabuje waliopotea. Nimemwandikia kwenye karatasi. Amesema asante, dada. Hajawahi kuniita dada.

Halafu akamwona Mwalimu. Akamuuliza, wewe hufungui?

Mwalimu akasema, nilifungua Jumatano.

Kamanda akauliza, kwako walioachwa ni kina nani?

Ofisi yake ndiyo inayowaita watoto waliochaguliwa kupata nafasi za bweni bila malipo. Barua inakwenda kwa mzazi aliyeandikwa, na kama hakuna aliyeandikwa, inapitia kwa mkuu wa shule. Mwalimu akasema: wasio na mzazi aliyeandikwa. Akasema kila mwaka nafasi zilikuwa zinabaki, nami kila mwaka nilijiuliza kwa nini watoto hawazitaki.

Kamanda amechuchumaa pale karibu na kiti cha Mwalimu, na nadhani hajui pa kuondokea.

Mikono mingine yote imeshashuka, iko kazini. Wa Mwalimu bado uko juu. Nadhani anangoja mimi nimwambie aushushe.